Posho ya Konde Lililolala

Kaeni vizuri, na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Palikuwa na shamba kubwa likiitwa Mwandoni, mali ya Mwinyi Simba. Simba mwenyewe hakulima. Kazi yake ilikuwa kulimiliki, nayo ilimchosha vya kutosha. Waliolima ni wanyama wengine, kila mmoja na konde lake: Ngiri alikuwa na konde la bondeni kwenye matope, Bi Kanga la kando ya njia, mahali pa kumwona kila apitaye na kumsema, Mzee Kobe la mbali kabisa, na Sungura alikuwa na konde la mteremkoni, yeye na mkewe na watoto wao wengi.

Sasa, ardhi ya Mwandoni haikuwa kama hii yetu ya kukanyaga tu. Ikichoka ililala, na ikilala ilikoroma. Usicheke. Wenyewe waliishi nayo hivyo na hawakuona ajabu. Konde likilimwa mfululizo, mkulima huliona likianza kusinzia: mahindi yanatoka mafupi, magugu yanapinda shingo. Hapo hulilaza. Hulifunika kwa majani makavu kama mtu anavyofunikwa shuka, hutoa jembe lake nje ya mpaka, huanza kupita kwa ncha za vidole, na hapigi kelele karibu. Konde hulala mwaka mzima. Mvua za masika zikifika, huamka lenyewe, hujinyoosha, na mavuno yake huwa ya kutisha.

Utauliza, na huyo mkulima mwaka huo anakula nini? Swali zuri. Anakula posho. Kila mwezi ukiandama, majirani wote humletea mlazaji kikapu cha chakula kutoka makonde yao, kikapu kilichojaa hadi ukingoni. Leo unapeleka wewe, mwakani unapelekewa wewe. Hakuna aliyeipenda sana desturi hiyo wakati wa kutoa, na hakuna aliyeisahau wakati wa kupokea.

Mwaka ninaousema, mvua za vuli zilikataa. Mbingu ilikauka, mto ukabaki michanga. Na mwaka huo aliyelaza konde alikuwa Sungura.

Sungura hakuwa na raha. Kila asubuhi alikwenda mteremkoni, akaweka sikio chini, akasikiliza. Konde lilikoroma polepole, mkoromo wa usingizi mzito, mzuri. Hapo roho yake ilitulia kidogo. Watoto walikuwa wakila posho za majirani, nazo zilikuwa zinapungua ukingoni kwa sababu ya ukame, lakini konde hilo likiamka na masika, nyumba yake itakula. Lisipoamka vizuri, itabidi wafunge virago waondoke Mwandoni, na nje ya Mwandoni hakukuwa na mtu wa kumpa mgeni konde, wala kikapu.

Sasa aingie Fisi, maana hadithi bila Fisi ni mazungumzo tu.

Fisi alikuwa nyapara wa shamba. Naye alikuwa na konde lake, tena zuri la karibu na nyumba ya Simba, lakini hajawahi kulilaza hata siku moja. Alipanda, akavuna, akapanda juu ya mabua, akavuna tena. Kulilaza kungemaanisha mwaka mzima wa kula kikapu sawa na wenzake, na Fisi hakuzaliwa kula sawa na mtu. Mwishowe konde lile halikulala, lilikufa. Liligeuka jivu la rangi ya kisigino, na ukiweka sikio chini husikii kitu. Fisi alilitazama, akasema ardhi haina shukrani. Kisha akatazama mteremkoni.

Akaenda kwa Simba barazani.

"Shikamoo, Mwinyi."

"Marahaba. Umekuja kula au kusema?"

"Kusema, Mwinyi. Kula kukitokea sikatai." Fisi akajikunyata. "Mwinyi, niwie radhi, lakini naona aibu kwa niaba yako. Kuna ardhi yako inalala."

"Ardhi yote hulala kwa zamu. Ni desturi."

"Ndiyo, Mwinyi. Lakini inalala mchana. Wewe uko macho umekaa barazani, bwana wa nchi nzima, na ardhi yako imejifunika majani inakoroma. Mtumwa wa nani anakoroma mbele ya bwana wake?"

Simba akanyanyua kichwa. Ni kweli kwamba yeye mwenyewe alilala tangu asubuhi hadi alasiri kila siku, lakini jambo hilo halikuwa na wa kulisema.

"Inakoroma kwa sauti?" akauliza.

"Hadi njiani inasikika. Wapita njia wanacheka."

"Wanacheka!" Nywele za shingo zikamsimama Simba. "Haya. Tangu leo hakuna ardhi itakayolala Mwandoni mimi nikiwa macho. Konde lililolala lichukuliwe na yeyote atakayeliamsha."

"Kazi ngumu hiyo, Mwinyi," akasema Fisi kwa huzuni. "Lakini kwa heshima yako nitajitolea."

Hivyo ndivyo Sungura alivyomkuta Fisi mteremkoni, amekwisha kukusanya majani makavu yote na kuyatupa kando, ameshika jembe.

"Ebo! Bwana nyapara, unafanya nini? Lina miezi mingi ya kulala bado!"

"Amri ya Mwinyi. Ardhi iamke. Na mwenye kuiamsha ndiye mwenye nayo."

"Konde hili nimelima mimi, na baba yangu kabla yangu!"

"Basi mpe pole baba yako," akasema Fisi, akainua jembe akalishusha.

Konde likashtuka kama mtoto aliyemwagiwa maji. Mkoromo ukakatika, ukaanza tena kwa shida, wa kukwama kwama. Sungura aliusikia ukipita miguuni mwake na macho yakamjaa machozi. Hakuona haya. Aligeuka akaenda nyumbani.

"Tufunge virago?" mkewe akamwuliza.

"Bado."

"Bado mpaka lini? Kuna vikapu viwili vya mwisho humo ndani, na watoto wanavitazama."

"Mke wangu, bado nina kichwa. Nipe nafasi kianze kuuma kwanza."

Fisi alilima. Nisimdhulumu, alilima kweli, kwa mara ya kwanza miaka mingi. Lakini konde lilikuwa halijaamka, lilikuwa limesumbuliwa tu. Alipanda mahindi, konde likajigeuza ubavu usingizini, mbegu zote zikaenda chini mno, mche usiweze kutokeza. Akapanda kunde, konde likapiga chafya, kunde zikarudi juu, nyingine zikampata usoni. Akalipigia debe tupu, akaliimbia, akalitukana. Konde likavuta pumzi, likaendelea kukoroma. Hata hivyo, kila Simba alipouliza habari zake, Fisi alijibu, "Liko macho kabisa, Mwinyi. Linakusalimu."

Mwezi ukaandama. Majirani wakatoka na vikapu vyao, wakafika njia panda kati ya nyumba ya Sungura na konde la mteremkoni, wakasimama.

"Jamani, sasa tunapeleka wapi?" akauliza Bi Kanga. Bi Kanga hakuwa na sauti ya ndani. Alichokisema kilisikika makonde matatu. "Konde si la Sungura tena. Lakini aliyelaza ni Sungura. Posho ni ya nani?"

"Mimi nimebeba," akasema Ngiri. "Atakayepokea apokee, shingo inaniuma."

Sungura alikuwa amesimama mlangoni. Kabla hajafungua kinywa, Fisi alitokea mteremkoni mbio, vumbi hadi masikioni.

"Posho hufuata konde!" akapaza sauti. "Konde ni langu, posho ni yangu. Tena weka hapo. Na hicho. Mzee Kobe yuko wapi?"

"Yuko njiani," akasema Ngiri.

"Nitamngoja."

Akala vikapu vyote palepale, vingine na ukindu wake. Watoto wa Sungura walitazama kutoka dirishani mpaka mama yao akawavuta ndani. Sungura alitaka kupiga kelele, kutukana, hata kuuma. Badala yake akakaa chini mlangoni, na hapo alipokaa lile neno la Fisi likaanza kumkera kichwani. Posho hufuata konde. Sawa. Lakini posho hutolewa kwa konde lililolala, na Fisi alipewa konde hili kwa kuwa ameliamsha. Sungura akarudia jambo hilo polepole, akalitazama mbele na nyuma. Kisha akainuka akaingia ndani.

"Mbona unacheka?" mkewe akamwuliza.

"Kichwa kimeanza kuuma."

Mwezi ulipokaribia kuandama tena, Sungura alijisafisha, akaenda barazani kwa Simba. Hakwenda kushtaki. Alijua vizuri kwamba ukimwambia Simba amekosea, atakayeondoka na makosa ni wewe.

"Shikamoo, Mwinyi."

"Marahaba. Umekuja kulalamika juu ya konde?"

"Mimi? Astaghfirullah! Nimekuja kushukuru. Amri yako imeamsha shamba zima. Wakulima wanasema hawajaona bwana mwenye sauti kama hiyo, akisema neno huku, ardhi inafumbua macho kule. Wangependa ufike mteremkoni ujionee, nao wakusujudie kidogo."

Simba alijaribu kuonekana kama mtu asiyejali. "Lini?"

"Mwezi ukiandama, kesho yake, Mwinyi. Asubuhi, kabla jua halijakukosea adabu."

"Nitafika," akasema Simba. "Kwa muda mfupi."

Siku hiyo ikafika. Simba alikuja na kiti chake, akawekewa pembeni mwa konde. Fisi alikuwa amefikiwa na habari hiyo asubuhi ileile. Alikuwa amechomeka mabua ya kuokota ardhini ili yaonekane mazao, na alisimama katikati yao akitoka jasho.

"Ni hili?" akauliza Simba.

"Ndilo, Mwinyi. Macho kodo."

Konde likakoroma. Mkoromo mrefu, ulianzia mteremko wa juu ukateremka hadi chini ya kiti cha Simba, kiti kikatikisika.

"Nini hicho?"

"Tumbo langu, Mwinyi," akasema Fisi haraka.

Simba akalitafakari. Tumbo la Fisi lilikuwa na sifa yake nchi nzima. Akaridhika.

Ndipo wakulima wakatokea njiani kwa mstari, vikapu kichwani. Walikuwa wameelewana na Sungura, na siku hiyo, ukame au si ukame, walikuwa wamejaza sawasawa. Kulikuwa na mihogo ya Ngiri iliyochemshwa. Kulikuwa na kunde za Bi Kanga zenye nazi. Nyuma kabisa, mbali, alionekana Mzee Kobe na kikapu mgongoni. Alikuwa ameanza safari jana. Upepo ukaleta harufu. Fisi akameza mate mara moja, kisha hakuweza kuacha kumeza.

Sungura akajitokeza mbele. "Bwana nyapara, samahani kwa usumbufu. Majirani wamekuja na posho kwa mazoea. Nimewaambia mwaka huu hakuna konde lililolala, Mwinyi amekwisha kuyaamsha yote. Basi niwarudishe?"

"Ngoja!" akasema Fisi.

"Tungoje nini?" Bi Kanga akauliza. "Posho ni ya konde lililolala. Hili liko macho, au siyo?"

"Liko macho," akasema Fisi, akimtupia Simba jicho. "Liko macho, ila..."

"Ila?"

"Ila kuna wakati linapepesa."

"Kupepesa hakuna posho," akasema Sungura kwa upole. "Haya jamani, geukeni."

Mstari ukageuka. Ngiri alikuwa amekwisha kupiga hatua, na kikapu chake kikampita Fisi karibu na pua. Fisi akakifuata hatua mbili bila kujijua.

"Tuseme limesinzia," akasema kwa sauti ya chini, upande wa Sungura. "Kidogo."

"Kusinzia kidogo hakuna posho pia. Tangu zamani posho ni ya usingizi. Kama lingekuwa limelala kweli, hapo sawa, tungekuachia vyote."

"Vyote?"

"Na cha Mzee Kobe."

Fisi akamtazama Simba. Akatazama vikapu vikienda. Miguu yake ya nyuma ilitaka kubaki, ya mbele ilikwisha kuondoka. Akamsogelea Sungura, akanong'ona, "Limelala. Sema upesi, waite."

"Hatukusikia!" akapaza Bi Kanga kutoka njiani. "Bwana nyapara kasema nini?"

"Nimesema..." Kikapu cha kunde kikapinda kona, kikapotea nyuma ya kichaka. Fisi akashindwa. "Limelala!" akapiga ukelele. "Limelala fofofo! Halijaamka hata siku moja tangu nilipolianza! Rudini na posho yangu!"

Kila mtu akasimama alipokuwa. Katika kimya hicho konde likakoroma tena, taratibu, na kiti cha Simba kikatikisika.

Simba akainuka.

"Hilo nalo ni tumbo?"

Fisi alikuwa amekwisha kumfikia Ngiri na kuingiza mkono kikapuni. Akautoa, muhogo ukiwa ndani yake. "Mwinyi," akaanza, "mambo ya ardhi ni marefu..."

"Ulinambia imeniamkia. Ulinambia inanisalimu." Sauti ya Simba ilikuwa ndogo, na waliomfahamu wakarudi nyuma. Kisha akageuka akawatazama wakulima wote, na hapo Sungura akaona hatari mpya. Simba alikuwa ametoa amri, na ardhi imelala juu ya amri yake mbele za watu. Bwana aliyeaibishwa hutafuta wa kumlipiza, na si lazima awe Fisi. Konde lenyewe lingeweza kuchomwa moto siku hiyohiyo. Sungura akapiga magoti.

"Mwinyi, sisi hatuna shaka hata kidogo. Ardhi ya Mwandoni haithubutu kufanya jambo bila ruhusa yako. Kama imelala, basi ni wewe uliyeiruhusu, ila kwa unyenyekevu wako hukupenda kujitangaza."

Simba akaangalia juu, akaangalia chini, akaunyoosha mkia.

"Niliiruhusu," akasema mwishowe. "Zamani sana."

"Tulijua, Mwinyi."

"Na huyu amekuwa akiisumbua."

"Kwa jembe, Mwinyi. Tena kwa debe."

Simba akaketi tena, akatoa hukumu yake kana kwamba alikuja nayo kutoka nyumbani. Konde lirudi kwa Sungura, lifunikwe leo, na posho zote zilizo njiani ziende nyumbani kwake. Fisi avue unyapara. Arudi kwenye konde lake lililokufa, alifunike majani, alilinde kimya kimya mpaka lianze kukoroma tena, hata ikichukua miaka. Ale posho kama mlazaji mwingine yeyote. Lakini hataletewa. Ataifuata mwenyewe nyumba kwa nyumba, abishe hodi, asalimie, ashukuru.

"Kikapu kimoja kila nyumba?" akauliza Fisi.

"Kimoja."

"Kama cha wengine?"

"Kama cha wengine," akasema Simba, na Fisi akalia machozi ya kweli.

Wakafunika konde wote pamoja, kwa ncha za vidole. Lilikuwa na vidonda vya jembe kila mahali. Sungura alilala na sikio chini mpaka mkoromo uliposhika njia yake. Masika yalichelewa, lakini yalifika. Konde liliamka likiwa na kisirani kidogo, likatoa magugu kwanza ili kila mtu ajue halikupenda. Halafu likajinyoosha, likatoa mahindi. Hayakuwa mavuno ya kutisha, kwa sababu usingizi ule ulikuwa umekatwa, ila yalitosha. Watoto wa Sungura walikula mpaka wakagombana na matumbo yao, na neno la kufunga virago halikutajwa tena.

Mwezi ulipoandama baada ya mavuno, mtu alibisha hodi.

"Nani?"

"Mimi, Fisi. Hamjambo humu?"

"Hatujambo. Karibu."

Fisi aliingia na kikapu kitupu, macho chini. Sungura akamtazama. Alikuwa bado na hasira naye, hasira kamili, haikuwa imepungua kwa mvua wala kwa mavuno. Alimkumbuka amekaa njia panda akila, na watoto wake dirishani. Mkewe alikuwa ameshika kata ya mahindi ghalani, akingoja neno lake.

"Konde lako linasemaje?" Sungura akauliza.

"Jana nililisikia," akasema Fisi. "Kidogo sana. Kama linavuta pumzi. Nimekaa siku nzima sijasogea."

Sungura akaichukua kata mkononi mwa mkewe. Akajaza kikapu mwenyewe, akasawazisha juu kwa kiganja, akaangalia pande zote kama kimefika ukingoni. Upande mmoja ulikuwa umepungua. Akaongeza.

"Ahsante," akasema Fisi. Neno lilitoka kwa shida, kama mwiba.

"Haya. Pita nyumba ya pili, Bi Kanga anakungoja," akasema Sungura. "Na unapotoka, tembea polepole hapo mteremkoni, konde limesinzia kidogo."